Mguu wa kushoto niliushika mimi

Mwaka jana ofisini kwetu waliletwa watu wa huduma ya kwanza, yale mambo ya kutimiza masharti ya usalama kazini, kila idara itoe mtu mmoja. Idara yetu ikanitoa mimi, sio kwamba nina sifa yoyote, ni kwamba siku ya kuchagua sikuwepo. Ndo nikajikuta nimepiga magoti kwenye kapeti la ukumbi wa mikutano na suruali yangu ya kitambaa, mhasibu mkuu kakaa pale, dada wa mapokezi simu zishatoka tayari, na mi nampulizia mdomoni mdoli wa plastiki asiye na miguu.

Pumzi ya kwanza ikatokea mashavuni. Watu wakacheka. Mkufunzi wetu, mzee mmoja mstaafu wa zimamoto tuliyemwita Afande mpaka anaondoka, hata hakucheka, akasema tu, "Kichwa nyuma, kidevu juu, pua bana. Unampulizia mtu, hupulizi jiko." Nikafanya hivyo. Kifua cha yule mdoli kikapanda, taratibu kabisa, kama cha mtoto aliyelala, alafu kikashuka.

Nikasimama nikatoka nje. Walidhani nimeona aibu.

Kilichonitoa nje sijawahi kukiandika humu. Sisi kwetu ni Igombe, nje kidogo ya mji wa Mwanza, ziwa liko pale pale mlangoni. Kufa maji kwetu sio habari ya redioni. Nilikuwa bado mtoto MV Bukoba ilipozama, tarehe 21 Mei 1996, na mpaka leo nikipita makaburi ya Igoma, walikozikwa wengi waliokufa humo, nateremsha sauti bila kujua. Sasa Pasaka ya 2008 nilikuwa kijana tu nimemaliza form four, watu wamejaa ufukweni, pilau imeliwa, watoto wanaruka toka kwenye mitumbwi iliyofungwa. Mtoto wa jirani yetu, miaka nane hivi, akapotea. Tumezoea kusema mfa maji haachi kutapatapa, mi nawaambia yule hakutapatapa, hakuita mtu, hakurusha mikono, alikuwepo alafu hayupo, na wenzake wakaendelea kuruka kwanza kabla hata mmoja hajauliza yuko wapi.

Wavuvi wakapiga mbizi wakamtoa. Midomo imekuwa rangi ya zambarau, mwili umelegea. Na hapo ndo ikaanza ile kelele ambayo kila aliyekulia kando ya maji anaijua: mtoeni maji! mtoeni maji! Wakatakiwa watu wawili wenye nguvu wamning'inize kichwa chini. Mguu wa kulia akashika kijana mmoja mvuvi. Wa kushoto niliushika mimi.

Tukamtikisa. Maji yakatoka mdomoni, na wali wa sikukuu. Watu wakashangilia, yanatoka, yanatoka, nami nikatikisa zaidi. Alafu wakamlaza wakamkandamiza tumbo, alafu mama mmoja akaleta kitunguu cha kunusisha, alafu ikapatikana pikapu, akakimbizwa zahanati, kule mganga alimwangalia muda mfupi tu akatuangalia sisi. Tangu atolewe majini mpaka kufika pale sidhani kama ilipungua dakika ishirini. Ufukwe mzima watu zaidi ya hamsini, kila mmoja na mapafu mawili yaliyojaa hewa, na hakuna hata mmoja aliyempa pumzi moja.

Basi, ndo maana nilitoka nje.

Nilivyorudi ndani nikamsubiri Afande wakati wa chai, nikamhadithia, nikamuuliza tungempulizia angepona? Akaniuliza, "Alikaa chini ya maji muda gani?" Nikasema sijui. Akasema, "Basi na mimi sijui," akaendelea kunywa chai yake. Nilimshukuru sana kwa jibu lile, lakini nikaondoka nalo, na nimekaa mwaka mzima nasoma haya mambo usiku kama mtu anayesomea mtihani. Haya yafuatayo ndo niliyoyaelewa, kwa lugha ya mtu wa mahesabu asiye daktari.

Kwanza yale maji tuliyoyashangilia yalitoka tumboni. Mtu anayezama anameza maji mengi, hayo ndo yanarudi ukimpindua. Yanayoingia kwenye mapafu mara nyingi ni kidogo kuliko tunavyofikiria, na mengine yanafyonzwa kuingia kwenye damu, yaani pafu sio chupa kwamba ukiigeuza unaimwaga. Hewa bado inaweza kupita. Tena ukimkandamiza tumbo mtu aliyezimia, kile kilichoko tumboni kinapanda kooni na kinaweza kushuka kwenye njia ya hewa, kwahiyo ule wali wa sikukuu tuliokuwa tunaushangilia tulikuwa tunaupeleka pabaya kabisa. Na saa inakwenda. Ubongo ukikosa oksijeni unaanza kuharibika ndani ya dakika nne mpaka sita hivi, na sisi kwenye kumpindua na kutafuta kitunguu tulishazimaliza zote.

Chukulia tenki la maji juu ya nyumba na pampu yake. Kuna mtu mzima anayeanguka ghafla, moyo umepata hitilafu ya umeme wake wa ndani, ukaacha kupiga vizuri. Huyo sekunde chache kabla alikuwa anapumua kama mimi na wewe, damu yake imejaa oksijeni. Tenki limejaa, pampu ndo imezima. Wewe ukiwa pampu kwa mikono yako, ukamkandamiza kifua, damu ile ile inasogea inafika kwenye ubongo, na kwa dakika kadhaa za mwanzo hata usipompulizia inaweza kutosha. Sasa aliyezama ni kinyume chake. Pampu yake ilikuwa nzima, tena moyo wa mtoto ni moyo mzima kabisa, umepiga na kupiga mpaka oksijeni ikaisha ndo ukachoka ukasimama. Tenki limekauka. Ukimkandamiza kifua bila kumpa pumzi unazungusha damu isiyo na kitu.

Hili jambo moja ndo limenifanya niandike, mana ujumbe unaozunguka mitandaoni miaka hii, zile video za kuvutia, unasema usipulize mdomoni, kandamiza kifua tu inatosha. Ujumbe huo sio uongo. Chama cha moyo cha Marekani ndicho kilichoutangaza 2008, na walikuwa na sababu nzuri kabisa, watu wengi walikuwa wanaona kinyaa kugusa mdomo wa mtu wakaacha kufanya chochote, wakaona bora wafanye nusu. Lakini waliulenga kwa mtu mzima anayedondoka ghafla, kule ambako gari la wagonjwa linapigiwa simu linakuja, na mashine ya kushtua moyo imetundikwa ukutani uwanja wa ndege. Wenyewe walisema wazi kwamba mtoto na aliyezama hawamo humo. Hiyo sehemu ya pili ndo haijapanda mtumbwi ikafika Igombe.

Angalia tulivyojifunza wengi wetu. Tarehe 12 Juni 2021, Denmark na Finland, Euro, nilikuwa kibanda umiza, Eriksen wa Denmark akaanguka peke yake hakuna aliyemgusa. Banda zima kimya, hata mwenye banda alisahau kudai hela kwa waliochelewa. Tukaona wenzake wamemzunguka kumsitiri, madaktari wanakandamiza, mashine ikamshtua mara moja akarudi. Miezi michache mbele yuko Brentford anacheza na kifaa kifuani. Kabla yake kuna Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, aliyeanguka uwanja wa Tottenham tarehe 17 Machi 2012 akiichezea Bolton, moyo haukupiga wenyewe kwa dakika 78 na leo ni mzima anatembea. Dakika 78 watu wanabadilishana kumkandamiza na kumshtua! Hizo ni habari za kweli na nazipenda, ila ni habari za tenki lililojaa. Sisi tuliokuwa banda lile, kesho yake tungemkuta mtoto kwenye maji tungefanya tulichokiona kwenye tivii.

Kabla hamjaanza kusema Waafrika tuna mambo ya ajabu, kumning'iniza mtu miguu juu sio letu peke yetu. Ulaya nako waliwaning'iniza, wakawaviringisha juu ya mapipa, wakawalaza kifudifudi juu ya farasi anayekimbia polepole wakidhani ule mdundo utasukuma hewa. London mwaka 1774 ilianzishwa jumuiya ya kuokoa waliozama, na moja ya tiba walizozihimiza ilikuwa ni kumpuliza mhanga moshi wa tumbaku makalioni. Sitanii. Kulikuwa na viriba maalum vya kazi hiyo, vinawekwa karibu na mto Thames kama sasa hivi mitungi ya kuzimia moto. Ilipofika 1811 daktari Benjamin Brodie akaonyesha kwamba sumu ya tumbaku inaweza kuusimamisha moyo, watu wakaanza kuona haya.

Na kinachouma ni kwamba jibu walikuwa nalo tayari! Mwaka 1732 daktari mpasuaji mmoja Mskoti, William Tossach, alimpulizia mdomoni mchimba makaa aliyetolewa mgodini hana pumzi wala mapigo, yule jamaa akaamka na baada ya siku chache akarudi kazini. Mwaka 1740 chuo cha sayansi cha Paris kikashauri rasmi kwamba waliozama wapuliziwe mdomoni. Alafu ikasahaulika, watu wakaona ni jambo la kishamba, la wakunga, na kwa zaidi ya karne nzima wakahamia kwenye kubinyabinya mgongo na kunyanyua mikono ya mhanga juu chini. Ile ya mgongo ilifundishwa kwa maskauti na wanajeshi mpaka miaka ya 1950. Yaani wakunga walikuwa sawa muda wote, wanasayansi wakachukua miaka mia mbili kuwafikia.

Aliyemaliza ubishi ni Peter Safar, Baltimore, Marekani. Mwenzake James Elam alishaonyesha kwamba hewa tunayoitoa puani bado ina oksijeni ya kutosha. Hii mi sikuijua, nilidhani tunatoa uchafu mtupu, kumbe hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21 na hii tunayoitoa bado ina kama 16 au 17. Unampa mtu makombo yako na yanamtosha. Safar akachukua watu waliojitolea, wakapewa dawa inayolegeza misuli yote mpaka hawawezi kupumua wenyewe, alafu akawaita watu wa kawaida wasio madaktari wawapulizie. Fikiria hao waliojitolea walivyomwamini mtu! Kifua kikapanda. Zile njia za kubinya mgongo zikashindwa waziwazi, kwasababu mtu aliyezimia ulimi na koo vinalegea vinaziba njia, na bila kurudisha kichwa nyuma na kuinua kidevu utabinya mpaka jioni. Lile neno la Afande, kidevu juu, lilitoka huko.

Mji huo huo wa Baltimore, hospitali ya Johns Hopkins, kulikuwa na mhandisi wa umeme, sio daktari, William Kouwenhoven, wanajaribu mashine ya kushtua moyo kwa mbwa. Mwanafunzi wake Guy Knickerbocker akaona jambo dogo sana: wakati wanakandamiza zile pedi nzito kwenye kifua cha mbwa, kabla hata umeme haujapita, presha ya damu inapanda kidogo. Angeweza kupuuza. Hakupuuza, na mwaka 1960 wakiwa pamoja na daktari James Jude wakatoa ripoti ya wagonjwa 20, wakasema sasa mtu yeyote popote anaweza kuanza kazi hii, kinachohitajika ni mikono miwili tu. Pumzi ya Safar ikaunganishwa na mikono ya Kouwenhoven, ndo hii CPR.

Na yule mdoli wangu wa ofisini ana hadithi. Alitengenezwa Stavanger, Norway, na mtengeneza midoli ya watoto, Asmund Laerdal, baba ambaye mwenyewe alishamtoa mwanae majini akiwa amebakiza kidogo tu. Alipoombwa mdoli wa kufundishia kupulizia, akautoa 1960, na sura yake akaichukua kwenye kinyago kilichokuwa kikitundikwa ukutani majumbani, uso wa binti ambaye husemwa aliopolewa kwenye mto Seine, Paris, mwishoni mwa karne ya 19, hana jina, hana ndugu aliyejitokeza. Wengine wanabisha, wanasema uso wa aliyezama hauwezi kuwa laini hivyo, na mi niliyemwona mmoja naungana nao. Lakini kweli au si kweli, ninajua sasa kwamba mamilioni ya watu dunia nzima wamejifunza kutoa pumzi kwa kuinamia uso unaosemekana ni wa msichana aliyekufa maji. Siku ile sikuwa najua. Sijui kama ningerudi ukumbini.

Habari ya Norway haiishii kwenye huyo binti, inakuja mpaka huku kwetu Tanzania, mkoa wa Manyara.

Mama yangu ana msemo ambao kina mama wengi wa huku wanautumia, mtoto kazaliwa amechoka. Maana yake katoka halii, kalegea, hapumui. Mdogo wangu wa mwisho alizaliwa amechoka, nyumbani, na bibi mzaa mama akamshika miguu kichwa chini akamchapa makalio. Ona ilivyo, hata huyu naye tulimning'iniza. Huyu alilia, ndo huyo anatusumbua na pikipiki yake, kwahiyo bibi alibaki na imani yake na hakuna wa kumbishia. Lakini wangapi hawakulia? Wataalamu wanasema kati ya watoto mia, kama kumi hivi wanahitaji kusaidiwa kidogo kuanza kupumua, wengi wao kukaushwa tu na kusuguliwa mgongo vizuri na kitambaa kikavu kunatosha, wachache kati yao wanahitaji kupewa hewa kwa mfuko na barakoa, ile manesi wanaiita ambu. Wanaofika hatua ya kukandamizwa kifua hawafiki hata mmoja katika mia. Pumzi tena. Kwa mtoto mchanga karibu kila kitu ni pumzi, na inatakiwa ianze ndani ya dakika ya kwanza, wanaiita dakika ya dhahabu.

Hiyo ambu yenyewe ilitoka kwenye shida. Copenhagen 1952 ulikuja ugonjwa wa polio, watu wanapooza misuli ya kupumua, mashine hazitoshi, daktari Bjørn Ibsen akaamua wapitishiwe mpira kooni na wanafunzi wa udaktari wakae pembeni ya kitanda kuminya mfuko kwa mkono, zamu kwa zamu, usiku na mchana. Wanafunzi kama 1,500 walipita kwenye kazi hiyo, mtu anamminyia mwenzake pumzi masaa, na vifo vikashuka sana. Miaka michache baadae Mdenmark mwingine, Henning Ruben, akatoa mfuko unaojijaza wenyewe bila mtungi wa gesi, ndo huu ambao leo unaukuta mpaka zahanati ambayo haina umeme.

Sasa Tanzania. Mafunzo ya wakunga ya kumsaidia mtoto apumue yalipoanza hapa kwenye hospitali nane kwa kutumia mdoli wa mtoto mchanga, anajazwa maji ili uzito wake na kulegea kwake viwe vya kweli, katengenezwa na kampuni ile ile ya Stavanger, matokeo yalichapishwa 2013: vifo vya watoto ndani ya masaa 24 ya kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Karibu nusu. Hakuna mashine mpya, ni wakunga wale wale, mikono ile ile, wamefundishwa kukausha, kusugua, kupuliza. Hospitali ya Haydom, kule ndani kabisa Mbulu, imekuwa mahali dunia inakuja kujifunza jambo hili, na sisi wenyewe tunaijua kwa ubovu wa barabara.

Nikarudi kwa Afande mara ya pili, safari hii nje ya ofisi, nikamnunulia supu, nikamwambia nataka nikafundishe mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki. Akaniambia sawa, ila uwafundishe kwa mpangilio wa ziwa, sio wa ofisi. Mpangilio wa ziwa ni huu, nauandika alivyouongea.

Wewe kwanza usife. Mtupie dumu tupu, kamba, kasia, jaketi, asiyejua kuokoa akiingia majini wanakuwa maiti wawili. Akishatoka mlaze chali mahali pagumu, mwite, mtikise mabega, angalia kifua. Hapumui, au anatoa ile pumzi moja moja ya kukoroma kama samaki aliyetolewa majini? Hiyo isikudanganye, watu wanasema bado anahema, hapana, huyo hahemi, huyo anaondoka. Tuma mtu mmoja, mtaje kwa jina, akatafute gari na apige simu, ukisema "jamani pigeni simu" hapigi mtu. Kichwa nyuma kidevu juu. Bana pua, funika mdomo wake wote na wako, puliza sekunde moja mpaka uone kifua kinapanda, ukiona kimepanda inatosha usiendelee kama unajaza puto. Wamarekani wanaanza na mbili, Ulaya wanafundisha tano kwa aliyezama, we toa, usigombane na mtu. Mtoto mchanga mdomo wako unafunika mdomo na pua yake pamoja, pumzi ya mashavu tu. Alafu kitako cha kiganja katikati ya kifua, juu ya mfupa, mkono wa pili juu yake, viwiko vimenyooka, shusha sentimita tano mpaka sita kwa mtu mzima, kwa mtoto kama theluthi ya unene wa kifua, na uachie kifua kirudi chote kabla hujakandamiza tena. Thelathini, pumzi mbili, thelathini, pumzi mbili. Akitapika mgeuze ubavu, futa, endelea. Mchoke mbadilishane. Na akirudi, hata akisema yuko fiti anadai maji ya kunywa, aende hospitali, mapafu yaliyoguswa na maji yanaweza kumgeuka baadae.

Kasi yake ni mia moja mpaka mia ishirini kwa dakika, na hapa ndo nilimpenda yule mzee kuliko wote. Alituambia ofisini wale wanaohesabu kwa Kiswahili mpaka thelathini wanaharibu kazi. Jaribu mwenyewe: kumi na moja, kumi na mbili, ishirini na saba, neno limekuwa refu mkono umeshapunguza mwendo, mtu amekufa uko kwenye "na". Lakini moja mpaka kumi kila neno lina vipande viwili tu, mo-ja, mbi-li, ta-tu, n-ne, mpaka ku-mi, kama ngoma. Kwahiyo hesabu kumi, rudi moja, hesabu kumi, rudi moja, hesabu kumi, puliza. Sijaona hii kwenye kitabu chochote.

Mbavu zinaweza kuvunjika, ndio, utasikia mlio na utatamani kuacha. Usiache. Ukimwi hauambukizwi kwa mate. Ukiona damu au kinyaa kikakuzidi na ni mtu mzima aliyeanguka ghafla nchi kavu basi kandamiza tu. Kuhusu wale wanaoogopa polisi, kwamba utamgusa mtu afe mkononi mwako uanze kuulizwa maswali, sina jibu la sheria, mi naweza kusema tu kwamba tumeshaizoea PF3, ile fomu ya polisi, kiasi kwamba tunaiogopa karatasi kuliko kaburi. Na kumkandamiza kifua mwanamke mbele za watu, hilo ndo swali la kwanza kuulizwa kila mahali, nalo linatufelisha, kuna mama zetu wanakufa watu wamesimama kwa heshima.

Basi mwezi wa tatu mwaka huu nikaenda mwaloni Igombe, jioni, kabla wavuvi wa dagaa hawajaingia ziwani. Mdoli wa Norway siuwezi bei. Nilichukua sponji la kiti cha pikipiki likawa kifua, chini yake nikaweka mfuko wa rambo uliobaki kwetu toka kabla ya katazo la mifuko ya plastiki la 2019, nikaufunga kwenye mdomo wa chupa ya maji iliyokatwa, ukipuliza vizuri sponji linanyanyuka. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Maswali yakawa yale yale. Na kama kanywa gongo? Na kama ni mke wa mtu? Na kama ana ndevu kama za huyu? Na mwenye mtumbwi akirudi akakuta unampulizia mkewe? Nikaacha wacheke, mana nimegundua mtu anayecheka yuko tayari kupiga magoti.

Aliyekuja mbele wa kwanza alikuwa yule wa mguu wa kulia. Siku hizi ana mitumbwi mitatu na injini zake, mtu mzima, ana watoto. Hatujawahi kuongelea Pasaka ile, hata msibani hatukuongea. Akavua kofia, akapiga magoti kwenye mchanga, akaweka viganja.

"Moja, mbili, tatu, nne," na wenzake wakadakia nyuma yake kwa sauti ile ya kuvutia nyavu, "tano, sita, saba, nane, tisa, kumi," wakarudi moja, wakaenda kumi, wakarudi moja. Kwenye kumi ya tatu akainama akapuliza kwenye chupa kwa nguvu zake zote. Hewa yote ikatokea pembeni.

"Rudia kaka," nikamwambia. "Hujabana pua."